Karti Ndani ya Debe la Unga

Kila Jumamosi asubuhi tulisafisha uma. Zilikuwa kumi na mbili, na nyumbani tulikuwa watu wanne, mmoja wao mdogo wangu Fidèle aliyekuwa bado analishwa na mama. Baba alizitandaza juu ya gazeti, akanipa jivu na kitambaa, nami nikazisugua moja moja. "Séraphine, hii bado," alisema, akanirudishia. Mama alikuwa jikoni uani akisonga bukari, ndiyo ugali wetu wa Katanga, na kutucheka. Bukari huliwa kwa mkono. Wageni kumi na wawili hawakuwahi kuja kwetu hata siku moja. Lakini Jumamosi ikifika, uma zilisafishwa.

Nikisikia neno amani, naiona ile Jumamosi. Tulikaa Katuba, mtaa wa watu weusi katika mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Nyumba ya matofali, vyumba viwili, mlango wa rangi ya kijani. Nilikuwa na miaka tisa. Sasa nimepita sabini, naishi Evere, hapa Brussels, ghorofa ya nne, na uma zangu zinakaa kwenye droo bila kusumbuliwa na mtu.

Baba yangu aliitwa Mulumba, karani wa posta. Baba yake, yaani babu yangu, aliletwa Katanga kutoka Kasai na watu wa mgodi, enzi Wabelgiji walipokuwa wanaijenga koloni yao na kutafuta mikono ya kuchimba shaba. Alitia kidole gumba kwenye mkataba asioweza kuusoma. Baba alizaliwa kambini pale mgodini, akasoma kwa mapadri, akatoka na mwandiko mzuri kuliko wa wazungu wa posta. Sisemi hivyo kwa kuwa ni baba yangu. Nimeuona wao na wake. Kasai yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Ilikuwa neno tu kwenye makaratasi yake, pale panapoandikwa asili ya mtu.

Koloni ilikuwa na ngazi zake. Mtu mweusi aliyesoma, anayevaa tai, anayekaa mezani na mke wake, aliitwa évolué, yaani mtu aliyeendelea. Akitaka kuthibitisha kwamba ameendelea kweli, aliomba karti. Na kabla ya kumpa karti, wazungu walikuja nyumbani kwake kukagua. Msidhani natia chumvi. Kwetu walikuja watatu, wanaume wawili na bibi mmoja mwenye glavu nyeupe. Bibi alifungua kabati akahesabu uma. Akainua shuka la kitanda cha wazazi wangu. Akamuuliza mama kama anakula na mume wake au anakula jikoni na watoto. Mama, ambaye alikula jikoni kwa raha zake siku zote, akajibu kwa Kifaransa alichokaririshwa wiki nzima: mezani, madame.

Mimi nilitakiwa kupita uani na ndoo ya maji, polepole, bila kumwaga. Baba alikuwa na sheria yake kuhusu kukimbia. "Mutoto anakimbia mu barabara, bazungu banasema ni mutoto ya pori," aliniambia. "Tembea, mama. Weye uko muntu." Kwetu baba humwita binti yake mama, ni mapenzi na ni heshima. Basi nikapita na ndoo yangu, kichwa juu, na yule bibi wa glavu akaandika kitu kwenye daftari.

Karti ilikuja. Ilikuwa ya karatasi ngumu, ya kukunja, yenye picha ya baba, muhuri, jina, kazi, na pale chini, asili: Kasai. Ilifungua milango, siwezi kusema uongo. Kwa karti ile baba aliingia dukani kwa wazungu kupitia mlango wa mbele. Mara moja tulisimamishwa na polisi tukitoka misa. Baba alitoa karti bila kusema neno, na yule polisi, aliyekuwa amekwisha kunja uso, akaisoma na kuirudisha kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeshika suruali ya baba. Niliona kwa macho yangu kwamba karti ni dawa. Likumbukeni hilo, maana mimi sikulisahau, na ndilo lililoniponza.

Uhuru ulikuja haraka kuliko wenyewe walivyotazamia. Wazungu kadhaa wa posta waliondoka wakaacha koti limetundikwa ukutani. Hata wiki mbili hazijaisha, Katanga ikajitenga na Kongo, ikawa nchi yake yenyewe, na baadhi ya wale wale wazungu wakarudi kuisaidia. Ikapata bendera, ikapata stempu zake. Baba alizigonga muhuri kuanzia siku ya kwanza. Alikuwa amefanya kazi chini ya Wabelgiji, kisha kwa siku kumi na kitu chini ya Kongo, na sasa chini ya Katanga, kwenye kiti kile kile, na tai ile ile.

Halafu yakaanza maneno. Katanga ya Wakatanga. Watu wa Kasai warudi kwao. Watoto na wajukuu wa wale walioletwa kuchimba shaba sasa waliambiwa wamekula kazi za wenyeji. Mwanzoni yalikuwa maneno ya baa. Kisha jirani yetu mshona nguo alikuta mlango wake umechorwa alama ya chaki, na siku ya tatu nyumba ikachomwa. Watu wakaanza kubeba magodoro kichwani kwenda uwanja wa nje ya mji, ambako askari wa kigeni wenye kofia za buluu walikuwa wamepiga kambi. Baba hakutaka kwenda. Alisema posta haiwezi kufunguka yenyewe.

Mama hakuwa wa Kasai. Agnès, ndilo jina lake, alikuwa Mbemba, na Wabemba hawakuwa wakitafutwa na mtu. Jioni moja wakakaa wawili mezani wakazungumza Kibemba, lugha waliyoiweka kwa mambo ya wakubwa ili sisi tusishike kitu. Walichosema nilikuja kuambiwa na mama mdogo, baada ya miaka mingi. Mama alimwambia baba asitembee tena na karti. Akisimamishwa kwenye kizuizi, atoe jina lake la ubatizo na ajibu kwa Kibemba, maana baba alikizungumza vizuri kuliko mama mwenyewe. Aseme karatasi zake zimeungua.

Mimi nilichokiona ni hiki tu. Baba alitoa karti kwenye mfuko wa ndani wa koti, akaiweka mezani, akaitazama muda mrefu. Mama akaichukua, akafungua debe la unga, akaizika chini kabisa mpaka kiwiko kikapotea ndani. Nilikuwa mlangoni. Hakuna aliyenieleza lolote. Nilidhani inafichwa wezi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, nami nilikuwa nimetimiza miaka kumi. Nimeirudia mara nyingi kichwani, kwa hiyo nitaisema kwa mpangilio.

Mama alikwenda kisimani na Fidèle mgongoni. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa uani naanua nguo. Baba aliaga, akatoka na koti lake na viatu alivyovipiga brashi mwenyewe, akateremka barabara yetu. Mwisho wa barabara palikuwa na kizuizi ambacho jana yake hakikuwepo: mapipa mawili, gogo, na vijana wanne. Sijui walikuwa askari kweli au watu wa chama kilichoitawala Katanga. Wawili walikuwa na bunduki.

Walimsimamisha.

Niliona kwa tundu la ua. Baba alizungumza. Mmoja wao akacheka, na baba naye akacheka. Kisha yule akanyoosha mkono, na baba akaanza kujipapasa: mfuko wa kulia, wa kushoto, wa ndani. Akafungua viganja, hakuna kitu.

Baba amesahau karti!

Nikaingia ndani. Nikafungua debe, nikatia mkono mpaka begani, nikaigusa, nikaitoa. Unga ulimwagika kila mahali. Nikatoka mbio. Nilijua imekatazwa kukimbia, lakini niliona kwa leo atanisamehe.

"Papa! Papa, ulisahau karti yako!"

Baba aligeuka.

Uso wake sikuwahi kuuona vile, na sikuuelewa. Nilifika nahema, nikamnyooshea kwa mikono miwili, kama yule polisi. Baba aliipokea. Hakuwa na nafasi ya kufanya kitu kingine. Yule kijana aliyekuwa anacheka akaichukua mkononi mwake, akapuliza unga, akaisoma taratibu huku midomo ikicheza.

"Kasai," alisema.

Wenzake wakasimama.

Baba alichuchumaa mbele yangu. Alitoa leso, akanipangusa unga mikononi, mkono mmoja, halafu wa pili, akaniambia maneno machache. Nikageuka, nikapanda barabara kurudi nyumbani, natembea.

Sikusikia risasi. Nilisikia gari likiwashwa.

Mama aliporudi aliweka ndoo chini akasimama mlangoni. Aliona debe liko wazi, unga sakafuni, unga kwenye gauni langu. Hakuniuliza kitu. Alifunika debe. Akachukua ufagio, akafagia unga wote, hata ule wa chini ya kabati, akaufuta na kitambaa kibichi mpaka sakafu ikawa kama haijawahi kumwagikiwa na kitu. Akanivua gauni akalifua. Kisha akatoka kumtafuta baba, na alimtafuta siku tatu, akirudi na miguu imevimba.

Majirani walipouliza, alijibu sentensi moja. "Alienda na karti yake." Alirudia hiyo hiyo kwa padri, kwa wakwe zake, kwa kila mtu. Nilikuwa nimekaa pembeni nikimsikia. Ndivyo habari ilivyoenea: Mulumba alikufa kwa kiburi. Mulumba alionywa asitembee na karti ya wazungu, akashindwa kuiacha.

Siku ya nne tukahamia kambini kwenye kofia za buluu. Tulikaa miezi mingi chini ya kibanda cha magunia na mbao za masanduku, tumebanana na maelfu ya watu. Mama alikuwa amebeba uma zote kumi na mbili, na ndipo mwishowe zilipofaa. Tulichimbia mfereji wa kupitishia maji ya mvua. Mbili zilivunjika meno. Watoto walikufa kwa surua kibanda cha pili na cha tatu kutoka kwetu. Fidèle aliugua akapona. Kisha mama akatupeleka kwa watu wake, Katanga ikarudishwa Kongo kwa vita, na stempu zile zikawa karatasi tu. Baba hakuonekana. Hatuna kaburi, wala karatasi inayosema alikufa. Mama alifariki akiwa mtu mzima sana, na mpaka siku ile hakunitajia debe hata kwa jicho.

Mimi nilikuja Brussels na marehemu mume wangu alipopata nafasi ya kusoma. Nilifanya kazi miaka thelathini katika nyumba ya wazee. Niliwaosha, niliwalisha, nikawafumba macho. Wenzangu walinitania: "Séraphine, hata moto ukiwaka wewe utatembea!" Ni kweli. Kengele ililia, wengine wakatimka, mimi nikaenda kwa mwendo wangu. Tangu ile Jumanne sijakimbia. Si nadhiri. Miguu ilikataa tu, na hakuna aliyejua kwa nini.

Fidèle alikuja baadaye, vita vingine vilipoanza kwetu. Hapa aliendesha tramu. Ana wana watatu na binti mmoja. Sisi tuna desturi ya kuwapa watoto majina ya wazee wetu, jina lisipotee, na kila mtoto wa kiume alipozaliwa kwa Fidèle, watu walisubiri wasikie Mulumba. Hakumpa hata mmoja. "Muntu aliacha bibi na batoto juu ya karatasi ya bazungu," alisema. "Jina yake iishie kwake." Nilikuwepo mara zote tatu. Nilikaa mstari wa mbele kanisani, nimevaa kitenge kizuri, nikanyamaza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwezi uliopita nilikuwa Galerie d'Ixelles, kwenye maduka ya Waafrika, nasukwa nywele. Nadine, binti wa Fidèle, mwalimu, aniitaye tantine, yaani shangazi, akaingia na mimba yake ya miezi minane na bahasha. Msusi alikuwa amenishika kichwa, kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia, hata kama ningeweza.

"Tantine, ni mutoto mwanaume," alisema akikaa. "Minataka aitwe Mulumba. Papa anakataa. Anasema jamais, point final. Bon, nikasema, huyu babu alikuwa muntu gani? Nikaenda ku archives."

"Ku archives gani?"

"Hapa hapa Bruxelles. Baliweka kila kintu, tantine. Hata uma zenu!"

Alitoa nakala za nyaraka za enzi ya koloni. Ripoti ya ukaguzi, kwa mashine ya kuchapa, na picha ya baba ndogo kama stempu. Uma kumi na mbili, safi. Shuka, safi. Mke anakula mezani. Nilicheka hapo, nikakoromewa na msusi nitulize kichwa. Kisha Nadine akasoma mstari wa mwisho: La fille aînée ne court pas. Binti mkubwa hakimbii.

"Njo weye?" aliuliza, kama ndiye mimi.

"Njo miye."

"Tantine, ni kweli alikufa juu ya kiburi?"

Aliniuliza hivyo hivyo, wazi, na mkono juu ya tumbo. Nilitazama kwenye kioo, nikamwona bibi kizee nusu kasukwa nusu bado, mwenye nafasi ya kusema neno moja. Nikamwambia nitazungumza na baba yake. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

Jumapili nikapanda basi, halafu tramu, mpaka Saint-Gilles. Fidèle anakaa karibu na Gare du Midi, kituo kikubwa cha treni, kwenye nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba, ghorofa ya pili, dirisha linatazama kituo cha tramu. Tangu astaafu kazi yake ni kukaa pale dirishani na kuwasahihisha wenzake. "Angalia ule! Anafunga milango, muntu bado anapanda! Hii ni kazi?"

"Fidèle, zima televizio."

"Kuko nini, yaya? Nani amekufa?" Yaya kwetu ni dada mkubwa.

Niliweka picha ya baba mezani. Aliitazama bila kuigusa. Alikuwa na miaka minne baba alipochukuliwa. Anakumbuka viatu vyake tu.

"Papa hakukuwa na karti," nilisema. "Alikuwa ameiacha. Mama aliificha mu debe ya unga. Ni miye nilimupelekea."

Kisha nikamwambia yote. Tundu la ua, kucheka kwa yule kijana, mifuko mitupu, unga. Nikamwambia mama alivyofagia na sentensi aliyoitoa kwa watu. Nilikuwa nimejiandaa kulia na sikulia. Nilieleza kama nilivyokuwa nikieleza hali ya mgonjwa kwa wenzangu wa zamu ya mchana.

Fidèle aliinuka akaenda dirishani, akanipa mgongo. Tramu ikapita, hakuisemea kitu.

"Donc si yeye," alisema.

"Si yeye."

"Alikuwa karibu kupita."

"Alikuwa karibu kupita."

"Batoto yangu ya kiume iko batatu, yaya. Batatu! Nilibapa majina ya bajomba, ya barafiki, moja hata ya padri. Kila mara nilisema ya papa, hapana. Na weye ulikuwa pale."

"Nilikuwa pale."

"Juu ya nini ulinyamaza?"

"Niliogopa utanichukia."

Hakusema kwamba asingenichukia. Alikasirika, na alikuwa na haki. Alinitolea maneno ambayo sitayaandika, kwa sauti kubwa hata jirani wa chini akagonga dari. Aliniita mwoga. Alisema nimemwiba baba mara mbili. Nilikaa na mkoba wangu mapajani nikayapokea, maana ndiyo niliyokuja kuyachukua.

Alipochoka, akakaa. Akavuta picha karibu, akavaa miwani.

"Alikuambia nini?"

"Nani?"

"Papa. Ulipomupa. Umesema alikuambia maneno. Maneno gani?"

Hilo nilikuwa nimeliruka. Ndilo linaloniuma kuliko mengine yote, na sikuwahi kulitamka mbele ya mtu.

"Alinipangusa mikono," nilisema. "Akasema, aksanti, mama. Sasa rudia ku nyumba. Tembea, usikimbie." Nikageuza viganja vyangu juu. "Hata saa ile, Fidèle! Hata saa ile alikuwa anawaza adabu ya évolué. Nilikuwa nimekimbia barabarani mbele ya bantu. Neno yake ya mwisho kwangu ni kunigombeza."

Fidèle alivua miwani.

"Yaya. Bale bantu balikuwa na bunduki?"

"Babili."

"Mutoto anatoka mbio mbele ya muntu ya bunduki. Inakuwa nini?"

Niligeuza mkoba mapajani.

"Ile haikukuwa adabu," alisema, sasa polepole. "Alikuwa anakutoa pale."

Nimekaa pembeni ya vitanda vya watu wengi wanaokufa. Nimesikia maneno ya mwisho ya watu wasio wangu, nikawapelekea watoto wao, nikawaeleza alimaanisha nini. Ya baba yangu niliyabeba zaidi ya miaka sitini kwa masikio ya mtoto wa miaka kumi aliyevunja sheria. Alikuwa ameelewa kila kitu tangu aliponiona natoka getini. Alikuwa na muda wa kufanya jambo moja, na akanifanyia mimi. Nililia pale mezani mpaka Fidèle akaniletea taulo la jikoni.

Hakunikumbatia. Hatukupatana kama watu wanavyopatana kwenye sinema. Alichukua picha, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lake lililokuwa limening'inia mlangoni.

"Nadine nitamupigia miye mwenyewe," alisema. "Ule mutoto atakuwa Mulumba. Lakini bale batatu, yaya, bale banakwisha kuwa na majina."

"Minajua."

"Hapana, haujui."

Alikuwa na haki hapo pia. Nilivaa koti, nikashuka ngazi nimeshika ukuta. Nje, tramu yangu ilikuwa imesimama kituoni upande wa pili, milango wazi, abiria wa mwisho anapanda. Juu nikasikia dirisha linafunguliwa kwa nguvu.

"Kimbia, yaya!" Fidèle aliita, nusu ya mwili iko nje, akimpungia dereva mkono. "Kimbia, anakungojea! Kimbia!"

Nilitembea. Dereva alisubiri kidogo, akafunga milango, akaondoka. Nikakaa kwenye benchi la kituo. Fidèle hakufunga dirisha. Alibaki pale, viwiko juu ya fremu, mpaka nyingine ilipokuja.